Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: sayansi ya Kiswahili nayo iingie kwenye flashi

Waheshimiwa wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ndugu zetu wa Taasisi ya Elimu (TET), wa TAMISEMI, wa TBC, na nyie wakubwa wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) pale juu kilimani, shikamooni na poleni na majukumu.

Mimi nina kibanda cha kuingiza muvi na nyimbo hapa Majengo, Dodoma, sio mbali na soko. Kompyuta moja ya mezani, spika mbili, hadi diski, na kiti cha mteja. Kazi yenyewe mnaijua hata kama hamjawahi kuja, mtu analeta flashi au memori kadi anasema nataka hiki na hiki, namwekea, ananipa jero au buku inategemea na mzigo, anaondoka zake. Mambo ya COSOTA na hakimiliki leo tusiyafungue, leo nina jambo lingine kabisa.

Kwa kukaa pale nimeona kitu ambacho nahisi kwenye vikao vyenu hakifiki. Watu wa kawaida wa mji huu wanapenda sayansi na wanailipia hela yao ya mfukoni, shida ni kwamba wao hawajui kama ile ni sayansi na nyie hamjui kama wanaipenda.

Ngoja nieleze. Mteja akija kwanza anaomba muvi za kutafsiriwa, za Kihindi, za Kikorea, za mapigano, alafu singeli, alafu marudio ya mechi, hapo hakuna jipya. Ila kabla hajatoa flashi anakumbuka, "eti zile za wanyama unazo?" Bodaboda wanaziomba, walinzi wa usiku wanaziomba sana (nadhani zinawasaidia wasisinzie), mama lishe mmoja ananunua za nyoka tu wakati mwenyewe nyoka anamuogopa kufa, na wanafunzi wa shule za kata ndo usiseme. Wanataka ile ya kundi la nyati linalorudi kumkomboa ndama kwa simba, wanataka ya nyegere na nyoka, wanataka ya nyumbu wanavyovuka mto Mara mamba wamejipanga. Na wanataka yenye mtafsiri, ya Kiingereza tupu haiendi hata ikiwa na picha kali namna gani.

Huyu mtafsiri ndo nataka mumuangalie vizuri. Hajaajiriwa na mtu, anakaa chumbani na maiki yake, simba anamfanya adui, ndama anamfanya stelingi, na kwa sababu stelingi hafi watu wanakaa mpaka mwisho kuona atatokaje. Humo katikati anakuchomekea kwamba wanaowinda sana ni majike, kwamba nyati akiwa peke yake ni chakula ila wakiwa kundi ni balaa, kwamba mamba anaweza akakaa muda mrefu sana bila kula. Mteja anatoka pale kwangu anabishana na mwenzake mpaka kwenye bajaji, mtu ambae shule aliachia darasa la saba na hajawahi kufungua kitabu cha baolojia.

Sasa upande wa pili. Siku moja mwalimu mmoja kijana, mtu mwema tu, kaja na flashi ina vipindi vya sayansi vya taasisi fulani, siitaji, anataka nivinakili kwenye memori za wanafunzi wake. Nikafungua kuhakikisha havina virusi. Kipindi cha kwanza kinaanza na nembo inazunguka, inafata nembo nyingine ya mfadhili, anakuja bosi amevaa suti anatoa shukrani kwa wote waliofanikisha, alafu ndo anatokea mwalimu kageukia ubao ametupa mgongo, sauti inalia mwangwi wa ukumbi mtupu, dakika zaidi ya arobaini. Mada ilikua popo na uchavushaji. Popo mwenyewe hayumo! Yupo mchoro wa popo kwenye ubao. Nilivinakili vyote kama nilivyoombwa, na wiki haijaisha vijana wale wale wakaanza kurudi mmoja mmoja, "bro futa hivi uniwekee singeli, nafasi imejaa."

Msiwalaumu hao vijana. Wala simlaumu yule mwalimu wa kwenye video, amefanya alichoambiwa. Mwaka 2020 shule zilipofungwa mwezi wa tatu kwa ajili ya korona mliweka vipindi redioni na kwenye TV, ilikua dharura na mlifanya vizuri, watoto wa jirani yangu walisoma humo. Lakini ni kama toka hapo kila mtu akakubali kwamba video ya elimu maana yake ni darasa lililorekodiwa. Sio hivyo. Darasa lina mwalimu anaekuona umesinzia akakuita jina, video haina huyo mtu, kwaiyo yenyewe inatakiwa ikushike shati ndani ya sekunde kumi la sivyo kidole kinapandisha inayofata.

Na vitu vya kumshika mtu shati viko hapa hapa, hamna haja ya kwenda Serengeti na helikopta.

Chukueni mbuyu. Dodoma nzima mibuyu, tunakula ubuyu, tunapumzika kivulini, tunafunga punda, na ukiuliza watu kumi maua yake yanachanua saa ngapi sidhani kama utampata mmoja. Yanachanua jua likizama. Ua kubwa jeupe linaning'inia kichwa chini kwenye kikonyo kirefu, ukikaa ukalitazama unaliona kabisa likifunguka, linatoa harufu nzito ambayo kwetu sisi sio nzuri sana, ila kwa popo wala matunda ni tangazo. Popo anakuja kunywa nekta, anajipaka chavua kifuani, anaipeleka mti mwingine, na kesho yake mchana lile ua limeshanyauka, lina usiku mmoja tu wa kufanya kazi. Mpeni hiyo mtafsiri wa muvi. "Giza linaingia mtazamaji wangu, bibi harusi ndo kwanza anafungua shela, bwana harusi bado yuko pangoni anajinyoosha mabawa, na muda hauko upande wao, asubuhi ikifika hapa hakuna ndoa!" Dakika tatu zimeisha na mtoto hatasahau maisha yake yote, na labda ataacha kurushia popo mawe kwa sababu ameshajua bila popo hakuna ubuyu wa kwenye kikarai.

Au chamchela. Mwezi wa tisa na wa kumi hapa kwetu hata wiki haipiti haujaona vumbi limesimama kama nguzo linatembea uwanjani limebeba na mifuko ya nailoni, watoto wanakimbia wanapiga kelele shetani huyo. Kumbe jua limepiga ardhi tupu ikaiva, hewa iliyogusa chini imekua ya moto na nyepesi ikapanda juu kwa haraka, ya pembeni inakimbilia kuziba pengo, na kadiri inavyobanwa kuelekea katikati ndo inavyozidi kuzunguka kwa kasi, ni kama mtoto anaejizungusha alafu akakunja mikono kifuani. Ndo maana inakuja mchana wa jua kali na inapenda sehemu zisizo na majani. Hiyo unaifilimu kwa simu ya laki na nusu.

Lakini kama mkiniambia nichague moja tu basi nachagua Makutupora, na hapa niruhusuni nichukue muda kidogo maana hii inaniuma.

Maji ya mji huu kwa miaka mingi tumeyategemea visima virefu vya kule Makutupora, Mzakwe, kaskazini mwa mji. Kule kina cha maji ya chini kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ambayo nchi nyingi zenye joto kama yetu hazina. Mwaka 2013 watafiti, na wa Tanzania wakiwemo, wakatoa utafiti kwenye jarida kubwa la sayansi duniani wakitumia kumbukumbu hizo za miaka 55, na walichokikuta ni kwamba yale maji ya chini hayajazwi na kila mvua wala kila mwaka. Miaka mingi ya kawaida mvua inanyesha, udongo wa juu unainywa, mimea inainywa, jua linamalizia, chini hakifiki cha maana. Kisima kinajazwa na ile miaka michache ya mvua kubwa za fujo, kama ya El Nino ya 1997/98 ambayo wenye umri wetu tunaikumbuka kwa barabara kukatika na reli kusombwa. Yani mvua tuliyoilaani kuliko zote ndo iliyotuwekea akiba ya maji.

Hii habari ipo kwa Kiingereza, inasomwa na maprofesa wa Ulaya, na imetoka kwenye visima vyetu. Mtu wa Majengo anaepanga foleni ya ndoo haijui. Mtu anaeosha gari kwa mpira mchana kutwa haijui. Sina hakika kama mbunge wangu anaijua, na anapita hapo kila bunge likikaa!

Na kuionyesha ni rahisi kuliko mnavyodhani, mimi na mdogo wangu tulijaribu nyuma ya kibanda. Unakata vitako vya chupa mbili za maji za lita moja na nusu, unatoboa kifuniko tundu dogo, unaweka kitambaa, unazipindua kifuniko chini kwenye vikombe ili uone kitakachodondoka, alafu unajaza udongo mkavu sawa sawa. Chupa ya kwanza kila siku unaipa maji robo kikombe na unaiacha juani. Ya pili unaiacha kavu wiki nzima, alafu siku ya mwisho unaimwagia maji ya wiki yote kwa mpigo. Kiasi cha maji ni kile kile. Ile ya kwanza kikombe chake kikabaki kikavu, ya pili ikaanza kudondosha tone, tone, alafu ikatiririka. Nikaifilimu, nikaweka sauti, nikaanza kuwachomekea wateja mwisho wa muvi zao bila kuwaambia. Mzee mmoja wa Kigogo akarudi kuniuliza kama kuchimba makinga maji shambani kwake Chamwino kutasaidia yale maji yasikimbie kabla hayajazama. Swali hilo sijui kulijibu mimi, lakini UDOM mna watu wa kulijibu na kwa watafiti wa kilimo wa TARI pale Makutupora kwenye zabibu wako watu wa udongo, kwa nini wasije wakamjibu kwenye dakika tatu za pili?

Vingine navipitia haraka tu. Yale mawe yaliyobebana pale Mlimwa, ni ya umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni kati ya miamba mizee duniani na watoto wanaanika nguo juu yake. Michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, rangi nyekundu ya udongo wenye chuma imeng'ang'ania mwamba miaka yote hiyo wakati rangi ya kibanda changu haimalizi masika mawili, hapo si kuna kipindi kizima cha kemia? Kumbikumbi wa mvua za kwanza. Karanga za Kongwa, Mwingereza alileta matrekta 1947 na ilipofika 1951 mradi ukafungwa kwa sababu hakuuliza mvua na udongo wa Kongwa unaokauka ukawa kama saruji. Zabibu zetu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya wanavuna mara moja.

Na jirani zetu Morogoro, pale chuo kikuu cha kilimo SUA, kuna panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya ni mwepesi, anapita juu ya bomu halilipuki, anakwaruza chini kuonyesha liko hapa, anapewa kipande cha ndizi. Mmoja aliitwa Magawa (alikufa 2022), alizaliwa hapa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia akagundua mabomu na milipuko zaidi ya 100, na mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu ya ushujaa, panya wa kwanza kuipata. Nilivyomsimulia mwanafunzi mmoja wa form two akajua namdanganya.

Sasa maombi yangu, na sitayapanga kwa namba kama ripoti.

Msianzishe mradi mkubwa. Nawaomba sana. Mkianzisha mradi kutakua na uzinduzi, tisheti, mgeni rasmi, gari, na video zitatoka nne. Chukueni vijana wa UDOM wanaosoma sayansi na ualimu ambao wana simu nzuri na muda, muwaunganishe na walimu wanaojua kusimulia, na hawa watafsiri wa muvi mtaani, muwalipe kwa video iliyokamilika, hela ya kawaida tu, isiyohitaji kikao. Anaejua somo aandike, anaejua kuongea aongee. Kuwalazimisha wasomi wachekeshe ni kuwatesa wao na sisi.

Uhakiki uwepo, hilo sipingi, tena nalitaka. Humu kwenye hadi diski nina video za ajabu watu wameniletea, nguva amekamatwa, mti unalia damu, limao linaponya kila ugonjwa, na zinaombwa kweli kweli. Kwaiyo mtu anaejua apitie kabla haijatoka. Ila awe mtu mmoja au wawili, na ndani ya wiki, isiwe kamati ya miezi sita inayofuta kila kicheko. Na msifute video kwa sababu haina jibu mwishoni. Mnamkumbuka Erasto Mpemba, kijana wa Magamba sekondari 1963 aliyeona maziwa ya moto yameganda kwenye friji kabla ya yaliyopoa, mwalimu wake akamcheka, baadae yuko sekondari ya Mkwawa akamuuliza Dk Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana, wengine wamerudia jaribio hawakuliona, wengine wanasema lipo. Hiyo ndo video tamu kuliko zote, mtoto mwambie chukua vikombe viwili, kimoja cha moto kimoja cha baridi, weka kwenye friji ya mama, uje utuambie umeona nini. Kamati itasema "haina hitimisho". Ndo uzuri wake.

Lugha iwe Kiswahili, hata kwa wanafunzi wa sekondari. Sijasema mbadilishe sera ya nani afundishwe kwa lugha gani, hiyo vita ni ya wakubwa na ina miaka mingi. Nasema tu mtoto anaetoka darasa la saba alikosoma kila kitu kwa Kiswahili, form one anakutana na fizikia, kemia na baolojia kwa Kiingereza kwa mpigo, huyo akiwa ameshaona chamchela na chupa mbili kwa lugha ya nyumbani atakua na pa kushikia.

Ukubwa. Video ya dakika tatu ikishushwa ubora wa kawaida wa simu inakaa kwenye megabaiti kumi na kitu tu, inapita WhatsApp bila shida. Mkiiweka kwenye mfumo unaotaka jina la mtumiaji na nywila na bando, mmeizika. Simu shuleni kwa wanafunzi hamruhusu, sawa, sina ugomvi, basi mwalimu anayo ya kwake na nyumbani kuna ya baba.

Na hili ndo kubwa kuliko yote kwangu kama mfanyabiashara: ziandikeni wazi mwanzoni kwamba kunakili ni ruhusa. Maneno machache tu, "nakili, gawa, usibadilishe." Mkishaandika hivyo mmepata wasambazaji kila mtaa wa nchi hii bila kutoa senti, sisi wenye vibanda tutaziweka bure kwa kila atakaeleta flashi kwa sababu mteja akipata nyongeza anarudi. Alafu kuna vibanda umiza vya kuangalizia mpira, kabla mechi haijaanza watu wanakaa nusu saa wanatazama matangazo ya beti, hapo ziingie mbili tatu. Kuna mabasi, Dodoma mpaka Mwanza abiria anatazama vichekesho vile vile toka Nanenane stendi mpaka anafika. Kuna benchi za kusubiri daktari. Na mwezi wa nane maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, kila banda linagawa vipeperushi ambavyo jioni vinafungia karanga, wekeni skrini moja kubwa getini mwone watu watakavyoganda.

Kitu cha mwisho ni vibali. Kijana akisimama barabarani na simu kwenye stendi ndogo anafilimu mti, mlinzi wa jengo la karibu anatoka, "kibali kiko wapi?" Imenitokea, na nilikua nafilimu mbuyu, sio jengo. Toeni tamko moja tu linaloeleweka na mgambo na walinzi kwamba kufilimu mimea, wadudu, mawe na mawingu sehemu za wazi kwa ajili ya kufundisha hakuhitaji karatasi ya mtu. Hifadhini na kwenye maeneo ya serikali utaratibu ubaki ulivyo.

Mkitaka kuanza na ya Makutupora ni vizuri itoke kabla ya mwezi wa kumi na mbili, mvua zikianza watu wanaangalia juu na ndo watataka kujua yanaenda wapi. Zile chupa mbili bado ninazo. Mkituma mtu aje mchana, aulizie kibanda cha muvi chenye mlango wa bluu, na tafadhali flashi yake isiwe na virusi.

Ni mimi,
mwenye kibanda, Majengo, Dodoma